Prufu, Kielelezo na Soko la Maneno

Sanje ni kijiji cha njiani, kati ya Kidatu na Ifakara, miguuni pa Milima ya Udzungwa. Msafiri wa Bonde la Kilombero hukikumbuka kwa maporomoko yake ya maji, kisha akaendelea na safari yake. Walakini katika vitabu vya elimu ya wanyama jina la Sanje ni kubwa kuliko la miji mingi. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walimtambua, katika msitu ulio juu ya kijiji, kima ambaye vitabu havikuwa na habari zake, ingawa wenyeji walimjua na walimwita n'golaga. Mwaka 1986 kima huyo alipewa jina la kitaalamu, na jina hilo likabeba jina la kijiji: sanjei.

Elimu hiyo ina kanuni moja ambayo ingefaa kuazimwa na watu wa fani nyingine. Jina la kiumbe hufungwa kwenye kielelezo. Nacho kielelezo hakichaguliwi kwa uzuri wake. Aghalabu ni ngozi iliyokauka au fuvu lenye meno machache, na thamani yake yote imo katika kijikaratasi kilichofungwa mguuni: kilipatikana wapi, lini, na nani, na kimehifadhiwa kwa namba gani. Kijikaratasi kikipotea, ngozi inabaki kuwa ngozi. Kielelezo basi ni shahidi anayesimama mahali pa wenzake wote, na shahidi asiyejulikana alikotoka hana ushahidi.

Neno hilohilo, kielelezo, ambalo wengine hulitamka spesimeni, limo pia katika fani ya sarafu za kale. Huko hali yake ni ya kusikitisha. Limegeuzwa pambo la bei. Sarafu ikiwa na ncha kali kidogo kuliko nyingine, huitwa kielelezo. Ikiwa inang'aa, huitwa prufu. Ikiwa inang'aa na muuzaji hana hakika, huitwa yote mawili kwa pumzi moja. Wanunuzi hunyamaza wasije wakaonekana wajinga, wafasiri hufasiri bila kuuliza, na waandika vibandiko vya makumbusho hunakili walichokikuta katika katalogi za mnada. Hivyo uongo mdogo unasafiri kutoka duka hadi kabati la taifa, na unafika huko umevaa kanzu ya elimu.

Makala haya yanashikilia jambo moja. Prufu ni jina la namna sarafu ilivyopigwa. Kielelezo ni jina la kazi ambayo sarafu ilipigiwa. Namna ya kupigwa huonekana juu ya sarafu yenyewe, na mwenye jicho na lenzi aweza kuihakiki. Kazi iliyokusudiwa haionekani juu ya sarafu. Huonekana katika daftari la kiwanda, katika barua, katika hati ya makabidhiano. Anayesema prufu aonyeshe chuma, na anayesema kielelezo aonyeshe karatasi. Asiye na kimoja kati ya hivi viwili hana haki ya kulitumia neno.

Ianze prufu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Sarafu ya kawaida hupigwa kwa haraka. Vipande vitupu vya madini hulishwa katika mashine, mihuri miwili ya chuma hukutana mara moja, na sarafu huanguka juu ya wenzake ndani ya sanduku, ikagongana na kukwaruzana tangu saa ya kuzaliwa. Prufu haipiti njia hiyo. Mihuri yake husuguliwa mpaka iwe kama kioo, na kipande kitupu nacho husuguliwa. Mtambo hugandamiza polepole na kwa nguvu kubwa zaidi, aghalabu zaidi ya mara moja, ili madini yajaze kila mfereji wa nakshi. Kisha sarafu hutolewa kwa mkono, moja moja, wala haiangushwi. Matokeo yake ni uwanja unaorudisha sura ya mtazamaji, nakshi iliyokamilika hadi unywele wa mwisho, na ukingo uliosimama wima kama ukuta uliopigwa timazi.

Hapo pana mitego mitatu, na kila mmoja umenasa watu wazima. Wa kwanza ni wa mihuri mipya. Sarafu za kawaida za mwanzo kutoka kwenye mihuri iliyotoka kusuguliwa huweza kung'aa mithili ya prufu, lakini ukingo wake ni wa mviringo na nakshi za ndani hazikujaa. Hizo ni za kawaida zilizobahatika. Wa pili ni wa kudhani kwamba prufu ni daraja la uzuri. La hasha. Prufu iliyoangukia mikononi mwa mtoto, ikanunua peremende, ikapita sokoni miaka kumi na kuchakaa, ingali prufu, maadam namna ilivyopigwa haifutwi na matumizi. Vivyo hivyo, sarafu ya kawaida iliyotunzwa katika pamba miaka 100 haigeuki kuwa prufu kwa sababu ya malezi mema.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote, nao ni wa kusugua. Mtu huchukua sarafu ya zamani, akaipiga kwa majivu na ndimu au kwa dawa ya kung'arishia shaba, akapata uwanja unaometa, akaiita prufu. Dawa ya mtego huu ni lenzi na subira. Muhuri ukisuguliwa kiwandani, michirizi ya msuguo huchimbika juu ya muhuri, na kwa hiyo katika sarafu hutokea imeinuka. Sarafu ikisuguliwa nyumbani, michirizi huchimbika juu ya sarafu yenyewe. Mchirizi ulioinuka ni wa kiwanda, uliozama ni wa jikoni. Alama hii haihitaji kupandisha ndege sarafu kwenda kwa mtaalamu wa ng'ambo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sarafu iliyosuguliwa kwa majivu hutembezwa mno.

Sasa kielelezo. Kiwanda kinapokubali kazi ya serikali au ya kampuni, huwa na haja ya vipande ambavyo havikukusudiwa soko: cha kumwonyesha aliyeagiza ili aidhinishe, cha kubaki katika kabati la kiwanda kama kumbukumbu, cha kumpa gavana au sultani katika kisanduku cha mahameli. Vipande hivyo ni vielelezo kwa kazi yake. Vingine vilipigwa kwa ufundi wote wa prufu, na vingine vilichaguliwa tu kutoka katika mpigo wa kawaida kwa kuwa vilitoka safi. Kwa hiyo sarafu moja yaweza kuwa prufu na kielelezo kwa pamoja, na hakuna mgongano, kama ambavyo mtu mmoja aweza kuwa seremala kwa ufundi na shahidi kwa kazi aliyoitiwa mahakamani. Kiwanda cha Kifalme cha London kilikuwa na desturi ya kupiga prufu chache za kumbukumbu katika sarafu za makoloni, zikiwamo za Afrika ya Mashariki. Hizo ni prufu kwa mpigo na vielelezo kwa kusudi, na zinajulikana kuwa hivyo kwa sababu desturi yenyewe inajulikana.

Katika noti shida hii ni ndogo. Noti ya kielelezo huchapwa neno usoni, namba zake huwa sifuri tupu, na mara nyingi hutobolewa isije ikatumika dukani. Noti inajitangaza, lakini sarafu ni bubu. Ndiyo sababu katika sarafu walaghai wamelipenda neno kielelezo kuliko neno prufu. Madai ya prufu yaweza kuangushwa kwa lenzi katika dakika tano. Madai ya kielelezo hayaangushwi kwa lenzi, maana hakuna alama inayotafutwa. Muuzaji husema, "Tazama ilivyo kali, hii lazima ilikuwa kielelezo," na neno "lazima" hufanya kazi ambayo ingefanywa na hati. Wahenga walikwisha kulisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii pana hata mali ambayo haikuwa na daftari, na ndiyo iliyopata habari nyingi kuliko zote.

Jambo hili linalihusu Bonde la Kilombero kwa sababu sarafu za kale za bonde hilo zina historia ya machungu, na machungu hayo hayapaswi kuuzwa kwa maneno ya uongo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Pesa ile ilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja na mwaka 1307 wa Hijra, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, rupia iliacha kuwa kitu cha wafanyabiashara wa pwani tu, ikawa deni la kila mwenye paa. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua upigaji wa sarafu mikononi mwake, rupia ikagawanywa kwa heller 100. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno hela, kama kilivyokwisha kupata pesa. Mwaka mmoja baadaye ilizuka Vita ya Maji Maji, na tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge, ng'ambo ya bonde, likashambuliwa. Kodi ilikuwa miongoni mwa sababu. Sarafu hizo basi si vitu vya kabati tu. Ziliwahi kudaiwa kwa kiboko.

Rupia na heller hizo zilipigwa Berlin na Hamburg, na herufi A na J juu yake ndizo anwani za viwanda hivyo. Baadhi zilipigwa kwa mpigo wa prufu. Hilo ni jambo la kweli na linathibitika kwa macho. Lakini prufu hizo zilikusudiwa wakusanyaji na wakubwa wa Ulaya. Mkulima wa Kipogoro au wa Kindamba aliyelipa kodi mwaka 1905 hakuzihesabu hizo mkononi mwake. Alihesabu sarafu za kawaida, zilizokwisha kupita mikono 100, zenye tai aliyefutika kichwa. Akitafutwa shahidi wa maisha ya bonde katika enzi hiyo, shahidi ni hiyo iliyofutika. Prufu ya Berlin ni shahidi wa ufundi wa Berlin.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi zaidi katika sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wajerumani wa Afrika Mashariki walizingirwa na bahari ikafungwa na manowari za Waingereza. Sarafu zilipoadimika walizipiga wenyewe kwa mitambo ya karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba nyeupe na shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Rupia 15 hizo zilikuwa 16,198. Kazi ilikuwa ya haraka na ya shida. Mihuri ilichongwa upya mara kwa mara, ndiyo maana heller 20 zina sura nyingi za taji na za ncha za herufi, na nyingi zilitoka hafifu upande mmoja, kama uso wa mtu aliyelalia mkono.

Septemba 1916 Wajerumani waliiacha Tabora. Kikosi cha Jenerali Wahle kilishika njia ya kusini-mashariki kuelekea Iringa na Mahenge, na Bonde la Kilombero likawa uwanja wa vita hadi Mahenge ilipotwaliwa na Wabelgiji Oktoba 1917. Askari walikuwa na mishahara na wapagazi walikuwa na ujira. Kwa hiyo heller 20 ya Tabora kuibuliwa na jembe kati ya Kidatu na Ifakara ni jambo ambalo akili hailikatai.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mkulima wa Sanje aliyeibua sarafu ya namna hiyo. Ana vitu viwili mkononi: kipande cha shaba, na ujuzi wa mahali kilipotoka, yaani shamba lipi, kina kipi, na kilikuwa karibu na nini. Anakuja mchuuzi. Anamwambia kwamba sarafu imechakaa, si prufu wala si kielelezo, basi ni ya bei ya soda. Anamshauri aisugue kwa majivu ipate walau kuonekana. Mkulima anasugua, anauza, anasahau. Mjini sarafu hiyohiyo, ambayo sasa inang'aa kwa jeraha, inapewa jina la prufu au kielelezo cha Tabora na inauzwa kwa mgeni. Hapo wamedhulumiwa watu wawili kwa neno moja. Mkulima alipunjwa kwa kuambiwa sarafu yake haina jina, na mgeni akapunjwa kwa kupewa jina lisilo na sarafu. Aidha imedhulumiwa elimu, maana kijikaratasi cha mguuni, habari ya shamba na kina, kimetupwa njiani. Kwa kanuni ya wanyama wa Udzungwa, sarafu ya mkulima ilikuwa kielelezo hasa saa ile ilipokuwa na udongo, na ilikoma kuwa kielelezo saa ilipoanza kumeta.

Wala sheria haitamwokoa upesi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilifafanua masalio kuwa ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Pesa ya 1890 na heller ya 1916 hazimo katika mpaka huo kwa umri wake pekee. Kinachobaki kuzilinda ni maarifa ya wenye nazo, na maarifa huanza kwa maneno yaliyo sahihi.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba ubishi huu umekwisha, kwa kuwa kampuni za Marekani za kukadiria sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, hutia sarafu katika kifuko kigumu cha plastiki na kuandika juu yake kama ni ya kawaida, ni prufu au ni kielelezo, pamoja na daraja kutoka 1 hadi 70. Ni kweli kwamba kampuni hizo zimewatenganisha prufu na kielelezo kwa herufi tofauti, na kwa hilo zimewashinda wachuuzi wengi. Lakini maandishi ya kifuko ni rai ya mtazamaji hodari, si hati ya kiwanda. Rai juu ya mpigo ina uzito, kwa kuwa mpigo unaonekana. Rai juu ya kusudi, isipoambatana na hati, ni dhana iliyofungwa vizuri. Mnunuzi anayelipia neno kielelezo ana haki ya kuuliza: je, neno hilo limesomwa juu ya sarafu au ndani ya daftari? Kama limesomwa juu ya sarafu, basi kilichoonekana ni mpigo ulio bora kuliko wa kawaida na pungufu kuliko wa prufu, na ingekuwa uaminifu zaidi kuuita hivyo.

Hoja ya pili huleta mfano wa Kanada. Kiwanda cha sarafu cha nchi hiyo hutoa sarafu kwa daraja linaloitwa spesimeni, lenye sura yake maalumu, kati ya sarafu ya kawaida na prufu. Kwa hiyo, wanasema, kielelezo nacho ni namna ya kupiga. Jibu ni kwamba kiwanda kikitangaza daraja, kikaeleza sura yake na kuliuza kwa jina hilo, kiwanda kimejitolea hati yenyewe, na neno ni lake katika sarafu zake. Haifuati kwamba jina la bidhaa ya Ottawa ya zama hizi laweza kurudishwa nyuma na kuvishwa rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyopigwa Birmingham na kiwanda cha Heaton chenye herufi H. Kiwanda hicho kilikuwa cha watu binafsi, kikitafuta kazi kila pembe ya dunia, na kilikuwa na sababu zake za kutengeneza vipande vya kuonyesha. Anayedai kwamba kipande chake ni kimojawapo, na ataje kilipitia mikono gani tangu Birmingham.

Hoja ya tatu ndiyo iwahusuyo wasomaji wa lugha. Husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, basi yachukuliwe ya Kiingereza yalivyo. Au husema kinyume chake, kwamba kila neno lifasiriwe kwa kamusi ya kawaida, na hapo prufu huwa "uthibitisho", na wengine "jaribio". Zote mbili ni njia za uvivu. Sarafu ya uthibitisho haithibitishi kitu. Neno la Kiingereza lilitoka kwa wachapaji na wachonga mabamba, waliotoa nakala ya kwanza ili wakague kazi, na kwa maana hiyo waandishi wa Kiswahili hadi leo husoma prufu za vitabu vyao. Katika sarafu neno lilihama, likaacha maana ya ukaguzi, likashika maana ya mpigo wa ustadi. Anayeandika "jaribio" amefasiri ujana wa neno, akaliacha neno lenyewe.

Hatari ya fasiri hiyo si ya kubuni, na ushahidi uko kwa majirani. Ng'ambo ya Ruvuma, sarafu za Msumbiji ya Kireno zipo zilizoandikwa PROVA. Asiyejua huzipokea kama prufu kwa sababu sauti zinafanana. Kumbe hizo ndizo majaribio: vipande vya kupima umbo kabla ya kuidhinishwa. Komoro nako, mwaka 1964, sarafu za Kifaransa zilitanguliwa na vipande vilivyoandikwa ESSAI, ambavyo pia ni vya jaribio. Wareno na Wafaransa waliandika kazi ya sarafu juu ya uso wake, wakamwondolea mnunuzi shaka. Mpigo wenyewe Wafaransa huuita flan bruni, kipande kilichong'arishwa. Wajerumani husema Polierte Platte, bapa lililosuguliwa, na Waitaliano fondo specchio, uwanja wa kioo. Mataifa matatu yametaja kitendo au sura yake, na hakuna hata moja lililosema uthibitisho.

Kiswahili kingeweza kufuata mfano huo na kusema "mpigo wa kioo". Ni jina zuri, lakini lina ufa. Mwaka 1902, Mfalme Edward VII alipotawazwa, Kiwanda cha Kifalme kilitoa prufu zisizong'aa, zenye uso wa ukungu, na bado ni prufu kwa kila kanuni ya mpigo. Kioo basi ni sura ya prufu nyingi wala si asili yao. Lifaalo zaidi ni "mpigo wa ustadi": linataja kitendo, halidai mng'aro, na mwanafunzi wa Ifakara hulielewa bila kamusi. Prufu libaki kama neno la mkato la wafanyabiashara. Kielelezo libaki na maana yake ya asili ileile inayotumika kwa kima wa Sanje: kipande kilichowekwa kuwa ushahidi, chenye hati ya kuwekwa kwake. Na jaribio lishike PROVA na ESSAI. Maneno matatu, kazi tatu, bila kupokonyana. Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar yamekwisha kusanifu istilahi za mambo magumu kuliko haya.

Hoja ya nne hutolewa kwa kejeli: haya ni mambo ya matajiri wachache wenye lenzi, yana faida gani kwa wananchi? Jibu limo mifukoni mwa wananchi wenyewe. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Shilingi 25 na 50 zilitolewa kwa namna mbili. Za mpigo wa ustadi zilikuwa za fedha yenye usafi wa 925 katika 1,000, na za mpigo wa kawaida usafi wa 500 katika 1,000. Sura ni moja, mwaka ni mmoja, twiga ni yuleyule, ilhali fedha iliyomo ni takriban mara mbili katika moja kuliko nyingine. Mjane aliyerithi twiga huyo, asipojua tofauti ya mipigo miwili, hatauziwa maneno tu. Atanyang'anywa fedha, kwa uzani. Na yamkini mizani ya sonara ingemwokoa, kwa kuwa sarafu yenye fedha safi zaidi ni nzito kuliko mwenzake.

Kwa hiyo madai ni machache na hayana gharama kubwa. Makumbusho yafute katika vibandiko vyake kila "kielelezo" na kila "prufu" isiyo na maelezo ya ilivyojulikana, au yaandike wazi kwamba ni dhana. Muuzaji anayetumia neno kielelezo alazimishwe na wanunuzi wake kutaja hati, na akishindwa, bei irudi kuwa ya sarafu ya kawaida. Wafasiri waache kufasiri kwa mlio wa neno. Walimu wa historia wa Kilombero wawafundishe watoto jambo moja tu kuhusu sarafu inayookotwa shambani: isisuguliwe, na paandikwe siku hiyohiyo mahali ilipookotwa, kina chake na jina la aliyeiokota. Kijikaratasi hicho kitaipa heller iliyofutika ya Sanje kitu ambacho prufu nyingi za Berlin zimekikosa.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mpigo wa ustadi ni uzuri wa kweli, na aliye nao ana haki ya kuufurahia. Ila asiuite ushahidi. Ushahidi wa bonde uko katika shaba yenye udongo, na utadumu huko maadam hakuna aliyemshawishi mwenye shamba kwamba thamani huletwa na majivu na ndimu.